Wote wawili ni wahafidhina: nimpeleke yupi Bunge la Texas?

Februari 2024 mama mmoja tunayesali naye hapa Fort Worth, mzaliwa wa Goma aliyekwisha kuapishwa uraia, aliniletea vipeperushi saba ndani ya mfuko wa nailoni. Vinne vilikuwa vya mgombea mmoja, vitatu vya mwenzake. Vyote vilikuwa na bendera, vyote vilikuwa na familia iliyosimama mbele ya uzio wa shamba, na vyote vilikuwa na neno "mhafidhina" kwa herufi kubwa. "Mwanangu," akaniuliza, "hawa si watu wamoja? Na kama ni wamoja, mbona wanatukanana hivi?"

Tangu siku hiyo nimeulizwa swali hilo mara nyingi, na Wakongo, na Wakenya, na Watanzania wenzangu. Kila baada ya miaka miwili linarudi, maana mbunge wa Baraza la Wawakilishi la Texas hukaa miaka miwili tu kabla ya kurudi kuomba kura. Ninachoandika hapa ni jibu nililolipata kwa kufuatilia kura zenyewe walizopiga, si maneno ya vipeperushi.

Kwanza, kwa nini mpambano uko Machi

Texas ina viti 150 katika Baraza la Wawakilishi na 31 katika Seneti ya jimbo. Mipaka ya maeneo ilichorwa upya 2021, na sehemu kubwa ya maeneo hayo yamekaa upande mmoja kiasi kwamba Novemba hakuna shindano la kweli. Palipo na Warepublikan wengi, mshindi wa kura za mchujo za chama hicho, zinazopigwa Machi, ndiye mbunge, basi. Ukisubiri Novemba umekuta sufuria imeshaoshwa.

Wengi wetu tunaziruka kura hizo kwa sababu tumezoea za kwetu. Mtanzania anajua kura za maoni ni za wanachama, na Mkenya amezoea mchujo wa chama kuwa wa watu wa chama. Texas haiko hivyo. Unapojiandikisha kupiga kura hapa huandikwi chama chochote. Siku ya mchujo unaomba karatasi ya Warepublikan au ya Wademokrati, moja tu kati ya hizo, na hakuna anayekudai kadi. Kwa hiyo hata wewe ambaye Novemba huenda usimpigie Mrepublikan, Machi una sauti juu ya ni mhafidhina wa namna gani atakayekuwakilisha. Mchujo wa Warepublikan wa 5 Machi 2024 ulipigiwa kura na watu wapatao milioni 2.3, katika jimbo lenye wapiga kura waliojiandikisha karibu milioni 18. Hao wachache ndio waliowachagulia wengine wote.

Na kiti chenyewe ni kipi? Bunge la Texas hukutana siku 140, katika miaka ya witiri pekee, ingawa gavana anaweza kuliita tena kwa vikao maalumu vya siku 30. Mshahara wa mbunge ni dola 600 kwa mwezi, pamoja na posho ya siku za kikao. Kwa malipo hayo, wanaogombea ni watu wenye riziki nyingine: wafugaji, mawakili, wafanyabiashara, wastaafu. Wakiwa Austin wanaamua fedha za shule, kodi ya nyumba na ardhi, sheria za jinai, bunduki, utoaji mimba, vyuo vikuu, na hata nani aongoze shule za mji wako. Juni 2023 serikali ya jimbo iliiweka kando bodi iliyochaguliwa na wananchi ya shule za Houston, na nguvu ya kufanya hivyo ilitokana na sheria iliyopitishwa bungeni 2015. Jambo moja hawaliamui: gredi kadi yako. Hifadhi, viza na uraia viko Washington. Mgombea wa kiti cha jimbo akikuahidi au akikutisha juu ya hayo, anazungumzia shamba la jirani.

Aina mbili, kwa majina niliyowapa mimi

Wa kwanza namwita mhafidhina wa eneo. Ni mtu wa pale pale, mara nyingi amekaa kwenye bodi ya shule, benki ya mji au chama cha wafugaji. Anaamini katika kodi ndogo, bunduki na kanisa, lakini likitokea jambo ambalo chama kinataka na watu wake hawalitaki, huenda akakikatalia chama. Wapinzani wake humwita Mrepublikan wa jina tu.

Wa pili namwita mhafidhina wa msimamo. Ameingia kwa sababu ya ajenda. Anaamini chama kikishinda lazima kitekeleze kilichoandikwa kwenye ilani yake, na kwamba wabunge wa miaka mingi wamezoea kupatana na Wademokrati hadi wamesahau walichotumwa. Wapinzani wake humwita kibaraka wa matajiri.

Matusi yote mawili hayakusaidii kuchagua. Kuna mbunge wa eneo aliye mhafidhina hadi kwenye mifupa, na kuna mgombea wa msimamo ambaye hajawahi kupokea amri ya tajiri yeyote. Jambo linalowatenganisha ni moja: siku watu wa eneo lake na uongozi wa chama wanapovutana, anakwenda na nani? Siku hiyo ilifika Texas, tena ina tarehe.

17 Novemba 2023

Gavana Greg Abbott alitaka fedha za umma zimfuate mtoto hadi shule binafsi, mpango ambao watu huuita vocha za shule. Seneti ilikubali. Baraza la Wawakilishi likagoma. Tarehe 17 Novemba 2023 wajumbe walipiga kura 84 kwa 63 kuiondoa sehemu ya vocha ndani ya muswada wa elimu, na Warepublikan 21 waliungana na Wademokrati kuiondoa. Wengi wao walitoka vijijini na miji midogo, mahali ambapo shule ya umma ndiyo mwajiri mkubwa, ndiyo uwanja wa mpira wa Ijumaa usiku, na ambapo shule binafsi ya karibu iko kaunti nyingine.

Gavana aliamua kuwang'oa. Kati ya wale 21, watano hawakugombea tena. Sita walishindwa moja kwa moja mchujo wa Machi 2024, na watatu zaidi wakaanguka katika duru ya pili ya 28 Mei. Walirudi saba tu.

Huu ndio ulinganisho mzuri kuliko wote wa aina hizi mbili, kwa sababu maeneo tofauti yalitoa majibu tofauti.

Chukua eneo la 60, magharibi ya Fort Worth. Mbunge wake alikuwa Glenn Rogers, daktari wa mifugo na mfugaji kutoka Graford, mhafidhina wa eneo hata ukimtazama kwa mbali. Aliyemkabili ni Mike Olcott, mhafidhina wa msimamo. Walikuwa wamepambana 2022 na Rogers akapita kwa tofauti ndogo katika duru ya pili. 2024, baada ya vocha kuwa ndilo suala, Olcott alishinda kwa wingi mkubwa katika duru ya kwanza. Mtu asikuambie kwamba wapiga kura wa pale walidanganywa. Walijua wanachokitaka na wakamtuma atakayekitimiza.

Sasa nenda eneo la 1, kona ya kaskazini mashariki, karibu na Arkansas. Gary VanDeaver aliwahi kuwa msimamizi mkuu wa shule za New Boston. Alipiga kura dhidi ya vocha. Gavana alimuunga mkono mpinzani wake, Chris Spencer. Machi hakuna aliyevuka nusu, Mei wakarudi ulingoni, na VanDeaver akashinda. Watu wa pale nao walijua wanachokitaka.

Kisha likaja jaribio la pili. Aprili 2025 muswada wa vocha ulirudi bungeni. Tarehe 16 Rais Trump aliwapigia simu wabunge wa Republikan wakiwa kikaoni, akiwahimiza waupitishe. Usiku huo kuamkia tarehe 17 ukapita. Katika wale saba walionusurika, mmoja wao Charlie Geren anayewakilisha sehemu ya Fort Worth yetu hii, VanDeaver peke yake ndiye aliyezikataa tena vocha. Katika Warepublikan wote wa baraza waliopiga hapana walikuwa wawili: yeye na Dade Phelan, nitakayemfikia sasa hivi.

Nimekaa sana juu ya hesabu hii kwa sababu ina funzo la uchaguzi. Ukimchagua mhafidhina wa eneo kwa kuamini kwamba hatayumba, kumbuka kwamba wengi wao walibadili msimamo upepo ulipozidi. Huenda walikuwa na sababu nzuri, kwa mfano muswada wa 2025 ulikuja pamoja na nyongeza kubwa ya fedha za shule za umma. Lakini mwenye ahadi ya kutobadilika ni yule wa msimamo. Yule wa eneo unampa uhuru wa kuamua, na uhuru huo unaweza kumpeleka mahali usikotaka. Hilo nalipima kwa uzito sana.

Beaumont: wahafidhina wawili, Spika mmoja

Eneo la 21, Beaumont na Orange hadi Jasper, ndilo lililotoa shindano lililotazamwa kuliko yote 2024. Upande mmoja alikuwa Dade Phelan, mbunge tangu 2015 na Spika tangu 2021. Upande wa pili David Covey, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa Warepublikan wa Kaunti ya Orange, akiungwa mkono na Trump.

Ukiweka rekodi ya Phelan mezani utaona jinsi neno "mhafidhina" lisivyotosha kumtenganisha mtu. Chini ya uspika wake, mwaka 2021 peke yake, Texas ilipiga marufuku utoaji mimba baada ya takribani wiki sita, ikaruhusu watu wazima wengi kubeba bastola bila kibali, na ikabana sheria za kupiga kura hadi wabunge wa Kidemokrati wakakimbilia Washington kuvunja akidi. Kwa viwango vya karibu mahali popote pengine, huyo ni mhafidhina kamili.

Kosa lake machoni pa upande wa Covey lilikuwa nini? Mambo mawili. Aliendeleza desturi ya zamani ya kuwapa baadhi ya Wademokrati uenyekiti wa kamati. Na tarehe 27 Mei 2023 baraza lake lilimfungulia Mwanasheria Mkuu Ken Paxton mashtaka ya kumwondoa madarakani, kwa kura 121 dhidi ya 23, Warepublikan 60 wakiwa kati ya waliokubali. Seneti ilimwachia huru Septemba. Kwa Covey na wenzake, chama kilicho na wingi hakipaswi kugawana madaraka na wapinzani, wala kumshambulia mtu wake. Kwa Phelan, bunge lina kazi yake na hata mtu wa chama hujibu maswali.

Machi Covey aliongoza lakini hakufika nusu. Mei Phelan alishinda kwa kura zisizofika 400. Fikiria hilo: kura chini ya 400 katika eneo lenye watu wanaokaribia 200,000. Makanisa mawili yaliyojaa Jumapili.

Lakini aliyeshindwa hakutoka mikono mitupu. Phelan hakugombea tena uspika, na Januari 2025 baraza lilipitisha kanuni kwamba wenyeviti wote wa kamati watoke chama chenye wingi, wachache wapewe umakamu. Mhafidhina wa msimamo anaweza kushindwa kwenye sanduku la kura na ajenda yake ikatembea.

Wanapofanana

Hapa nitapita haraka, maana hapa ndipo vipeperushi hupoteza muda wako. Kwenye bunduki hawana tofauti ya maana. Kwenye utoaji mimba vilevile. Kwenye kodi ya nyumba wote wanataka ishuke: msamaha wa kodi ya shule kwa nyumba unayoishi ulipanda kutoka dola 40,000 hadi 100,000 kwa kura ya wananchi ya Novemba 2023, kisha hadi 140,000 Novemba 2025, na aina zote mbili ziliunga mkono. Kwa ndugu zetu walionunua nyumba hilo limeonekana kwenye bili.

Na mpaka wa Mexico? Sheria iliyosainiwa Desemba 2023 ya kufanya kuingia Texas kinyume cha sheria kuwa kosa la jimbo iliungwa mkono na wote. Hata hivyo, 2024 matangazo mengi dhidi ya wale waliokataa vocha hayakutaja vocha kabisa. Yaliwaita walegevu wa mpaka. Kati ya vipeperushi saba vya yule mama, vitano vilizungumzia mpaka, na shule havikuitaja hata kidogo. Kwa hiyo usisome kipeperushi kujua ugomvi unahusu nini. Tafuta ni nani aliyelipia ndipo utajua.

Fedha

Texas haiweki kikomo cha mchango wa mtu binafsi kwa mgombea wa ubunge wa jimbo au ugavana. Desemba 2023 Jeff Yass, tajiri wa Pennsylvania na mpenzi wa vocha, alimpa Gavana Abbott dola milioni 6. Matajiri wa mafuta wa Texas Magharibi, Tim Dunn na Farris Wilks, kwa miaka wamewafadhili wagombea wa msimamo. Upande wa pili hauko masikini: Charles Butt, mwenye maduka ya H-E-B tunakonunua unga, amewafadhili wanaotetea shule za umma.

Taarifa za michango zipo kwenye tovuti ya Tume ya Maadili ya Texas na kila mtu anaweza kuzisoma. Siku 30 kabla ya uchaguzi, na tena siku 8 kabla, mgombea mwenye mpinzani hutoa hesabu. Mimi hutazama jambo moja: je, wenye kuchanga wanaishi katika eneo lake? Mtu akipata nusu ya fedha zake kutoka kwa watu watatu wasioweza hata kumpigia kura, nitamuuliza hao wanataka nini. Namuuliza hivyo wa eneo, namuuliza hivyo wa msimamo.

Vocha nyumbani kwetu

Kwa familia zetu hili ndilo lenye nyama, na sitaki kulipita kama wanavyolipita wengine kwa kusema "inategemea".

Sheria iliyosainiwa 3 Mei 2025 ilitenga dola bilioni 1 kwa kuanzia, mpango uanze mwaka wa shule 2026–27. Mtoto anayekwenda shule binafsi anaweza kupata takribani dola 10,000 kwa mwaka, mwenye ulemavu hadi 30,000, anayesomeshwa nyumbani hadi 2,000. Waombaji wakizidi fedha, kipaumbele ni watoto wenye ulemavu wa familia zisizo tajiri, kisha familia za kipato cha chini. Wengi wetu tungeangukia humo.

Mzazi anayemtaka mhafidhina wa msimamo ana hoja nzito. Najua baba mmoja, dereva wa lori, ambaye mtoto wake alipigwa mara mbili katika shule ya umma na hakuna aliyemjibu. Anataka shule ya kanisa, na ada hana. Kwake dola 10,000 ni mlango. Anayemwambia avumilie kwa ajili ya mfumo hajakaa usiku na mtoto anayelia asiende shule.

Mzazi anayemtaka mhafidhina wa eneo naye ana hoja. Shule binafsi haina wajibu wa kumpokea mtoto wako. Inaweza kumkataa kwa mtihani, kwa tabia, au kwa nafasi. Mtoto aliyefika mwaka jana kutoka kambi ya Nyarugusu, anayejua Kiswahili na Kifaransa kidogo, ana haki ya kufundishwa Kiingereza katika shule ya umma kwa mujibu wa sheria. Shule binafsi haibanwi hivyo. Mtoto mwenye ulemavu akihamia huko huacha nyuma sehemu kubwa ya kinga za sheria ya elimu maalumu. Na kwa anayeishi mji mdogo, dola 10,000 za shule isiyokuwepo hazinunui kitu.

Kuna jambo la tatu ambalo watetezi wa shule za umma hawapendi kulitaja. Kiwango cha msingi cha fedha kwa kila mwanafunzi kilibaki dola 6,160 tangu 2019. Nyongeza ya 2023 ilikuwa ndani ya muswada ule ule wa vocha, na vocha zilipoondolewa muswada wote ukafa. Shule zikakaa miaka mingine miwili kwa bei za zamani, walimu wakaondoka. Nyongeza ya karibu dola bilioni 8.5 ilikuja Juni 2025, baada ya vocha kupita. Aliyezikataa vocha 2023 alilinda kitu na akapoteza kitu, na mgombea mkweli atakukubalia hivyo ukimuuliza.

Watoto wangu wako shule ya umma na wanaendelea vizuri, kwa hiyo moyo wangu umeelemea huko. Nakuambia uujue mzani wangu unapoinama. Ningekuwa yule dereva wa lori, ningepiga kura nyingine na nisingeona haya.

Namna ya kuwatofautisha wa kwako

Kama mmoja amewahi kuwa mbunge, kazi ni nyepesi. Kura zake ziko kwenye tovuti ya Bunge la Texas, siku kwa siku. Tafuta 27 Mei 2023, 17 Novemba 2023 na 17 Aprili 2025. Tarehe hizo tatu zinakuambia zaidi ya hotuba za miaka kumi.

Mpya hana kura, ana maneno tu. Kwa huyo, nenda kwenye mkutano wake. Wagombea wa ubunge wa jimbo hupatikana, husimama kwenye migahawa na kumbi za kanisa wakisubiri mtu wa kuongea naye. Usimuulize kama ni mhafidhina, atasema ndiyo kabla hujamaliza. Muulize: "Shule zetu zikisema hivi na gavana akisema vile, utapiga vipi, na utatuambia kabla au baada?" Muulize ni kura gani ya chama chake katika miaka miwili iliyopita ambayo yeye asingeipiga. Anayekujibu kwa kutaja kura halisi, iwe yoyote, huyo anaijua kazi. Mimi niliwahi kuuliza hivyo na mgombea akanyamaza kidogo, kisha akanitajia kura ambayo sikukubaliana naye hata chembe. Nilimheshimu.

Kama eneo lako ni la mji mdogo wenye shule moja na mtoto wako anasoma humo, na unataka mtu wa kumpigia simu Austin anayemjua mwalimu mkuu kwa jina, tazama wa eneo. Kama unataka ajenda fulani ipite, iwe vocha au nyingine, na umechoka kusikia "mwakani", tazama wa msimamo, kwa sababu wa eneo atakupa sababu nzuri za kuchelewa. Kama unaishi mjini na shule binafsi ziko jirani, swali la vocha kwako ni la kweli na si la nadharia. Pima mtoto wako, shule iliyopo na shule unayoitaka, halafu ndipo umpime mgombea. Na kama mmoja wao ana rekodi na hakueleza kwa nini alibadili kura yake, mhoji huyo zaidi ya mwenzake.

Siku yenyewe

Raia pekee ndiye anayejiandikisha. Mwenye gredi kadi asithubutu kujaza fomu hata akishawishiwa na mtu wa dukani, kwa maana kosa hilo linaweza kumharibia njia yote ya uraia. Jiandikishe siku 30 kabla. Beba kitambulisho chenye picha kinachokubalika. Ukichukua karatasi ya Warepublikan Machi, duru ya pili ya Mei huwezi kuhamia ya Wademokrati, kwa hiyo amua ukijua ni safari mbili.

Karatasi ya kura haipo kwa Kiswahili. Lakini sheria ya shirikisho inamruhusu asiyeweza kuisoma aje na msaidizi anayemtaka mwenyewe, ila asiwe mwajiri wake wala wakala wa mwajiri huyo au wa chama chake cha wafanyakazi. Msaidizi huapa kwanza kwamba hatamshawishi. Simu hairuhusiwi ndani, ila karatasi uliyoandika nyumbani unaweza kuingia nayo.

Yule mama aliingia na binti yake mkubwa, ambaye aliinua mkono akaapa mbele ya meza. Vipeperushi saba vilibaki nyumbani. Mkononi alikuwa na kipande cha daftari la shule la mjukuu: jina la mbunge, chini yake tarehe mbili, na mbele ya kila tarehe ndiyo au hapana. Chini zaidi kulikuwa na jina la mpinzani, na jibu alilompa mama mwenyewe, uso kwa uso, katika ukumbi wa kanisa. Alimchagua nani sikumuuliza.